Tulivyoteremka Same Kuiona Singa Bendi

Harufu inayonirudisha nyumbani upesi kuliko zote ni ya betri za redio zinazoota moto. Vijana wa sasa hawaijui. Zamani betri zikichoka hukuzitupa, jamani, nani angekununulia nyingine? Ulizitoa kwenye redio, ukazipanga juu ya jiwe pembeni ya mafiga, mbali kidogo zisije zikapasuka, ukawa unazigeuzageuza kama mahindi ya kuchoma. Zilitoa harufu ya karatasi iliyoungua, na kitu kichungu ndani yake kilichong'ang'ania kooni. Fundi wa kazi hiyo kwetu alikuwa shangazi yangu Nakunda, mdogo wa mwisho wa baba, ambaye alikuwa bado hajaolewa na alikaa nasi. Kila Jumamosi alasiri alizipasha mapema, ili kikifika kipindi cha bendi za mikoani redio ipate nguvu ya kuongea mpaka mwisho. Mama alilalamika kwamba makande yote yananuka betri. Shangazi alimjibu bila hata kugeuka, "Wifi, vumilia, leo wanapiga Singa Bendi," na mama akasonya, akaendelea kukoroga chungu chake.

Singa ni zile nyuzi nyeupe zinazobaki jani la mkonge likishasagwa, na bendi hiyo ilizaliwa kwenye shamba la mkonge huko tambarare, chini ya milima yetu. Wapigaji wake walikuwa vibarua waliotoka mbali, mmoja Kigoma, mwingine Songea, wengine sijui wapi, na hakuna hata mmoja aliyejifunza muziki mahali popote. Walikuwa na magitaa mawili yaliyokwaruza, ngoma moja, na bati nene la mashine ya mkonge walilolining'iniza kwa waya na kuligonga kwa nyundo. Mwimbaji wao hakuimba hasa, alipiga kelele kama mtu aliyeibiwa baiskeli. Waliimba habari za foleni ya unga, habari za mbu wa kambini, na kulikuwa na wimbo mmoja ambao haukuwa na kitu ila majina ya vifaa vya kazi, tangu panga hadi toroli. Halafu wimbo ulikatika tu, pap, katikati ya neno, ukabaki umetoa macho. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alisema ule si muziki, ni ajali. Mimi nilikuwa darasa la tano na niliupenda mpaka mwili ukanisisimka. Sikuwahi kusikia watu wakubwa wakisema mambo yao kwa sauti kubwa hivyo bila kuomba radhi. Kijiji kizima tuliowaelewa wale watu tungeenea kwenye benchi moja la kanisani, na nafasi ikabaki.

Sasa, mwaka huo redio ikatangaza kwamba Singa Bendi watapiga Same siku ya Saba Saba, uwanjani, na baada ya hapo wanahamia Dar es Salaam moja kwa moja. Shangazi alinishika mkono akanifinya mpaka nikalia. Kwetu ni juu kabisa, mahali ambapo asubuhi, ukungu ukiondoka, unaiona Same chini imetandaza mabati yake. Kuteremka ni safari ya miguu ya nusu siku, lakini hilo halikuwa tatizo. Dar es Salaam ndiyo ilikuwa tatizo. Wakishafika huko, nani angewaona tena? Ilikuwa ni siku hiyo au basi. Tukaanza kupanga nguo za kuvaa, na hatukumaliza hata kupanga, Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano. Akasema kijiji cha ujamaa hakisherehekei sikukuu ya wakulima kwa kukaa na kula, kitasherehekea kwa jembe. Siku ya Saba Saba watu wote, wake kwa waume, watakuwa kwenye msaragambo wa kuzoa tope la ndiva.

Kwa asiyekulia Upareni, ndiva ni bwawa tulilochimbiwa na mababu mlimani. Maji ya kijito hujaa humo, kisha hufunguliwa kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Msaragambo ni kazi ya wote, na huitwa kwa pembe ya tandala. Ikilia, unaacha unachofanya, unachukua jembe. Asiyetokea anakatwa zamu ya maji, na wala hakatwi yeye peke yake, inakatwa nyumba nzima. Magimbi yanakauka, maharage yanakauka, na majirani wanapita wakikutazama bila kusema kitu. Kwa hiyo kwenda Same siku ile ilikuwa sawa na kuwanyima chakula mama na wadogo zangu. Shangazi alikwenda kwa Mwenyekiti kumbembeleza. "Ndugu Mwenyekiti, shikamoo. Naomba ruhusa ya siku moja tu." Mzee yule akaitikia marahaba, akauliza ni ruhusa ya nini, na alipoambiwa akacheka mpaka akakohoa. "Ya kwenda kusikiliza bati? Binti, njoo kwenye ndiva, utasikiliza majembe." Shangazi alirudi nyumbani uso umemshuka. Nililia usiku ule kama msiba umeingia, na sioni aibu kusema hivyo.

Siku mbili kabla ya Saba Saba, asubuhi, baba alikwenda kukata majani ya ng'ombe. Lazima niseme kwamba mpiga pembe wa kijiji alikuwa baba mwenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wetu, ikitoka kwa baba kwenda kwa mwana, na pembe ilining'inia sebuleni kwetu juu ya mlango, ambapo sisi watoto tulikatazwa hata kuinyooshea kidole. Mwanamke kuipuliza, wee! Hilo halikuwa na hata adhabu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliwaza. Shangazi alisimama chini ya mlango kwa muda, akaitazama. Kisha akavuta kigoda, akapanda, akaitungua. "Shangazi, unafanya nini?" Akanijibu, "Kazi ya keshokutwa tunaifanya leo." Akatoka nayo mpaka ukingoni mwa shamba, akavuta pumzi, akapuliza. Mara ya kwanza pembe ilikoroma tu. Mara ya pili ililia, jamani, ililia mlima mzima ukaitika, halafu pumzi ikamwishia na sauti ikakatika, pap.

Watu walitoka kila upande. Walidhani ukingo wa ndiva umebomoka, maana pembe hailii bila taarifa isipokuwa kuna hatari. Walikuja na majembe, na karai, na wanawake wengine na watoto mgongoni, na Mwenyekiti alikuja akihema, vifungo vya shati vimekosana na matundu yake. Wakafika kwenye ndiva, wakakuta maji yametulia tuli na vyura wanaota jua. Kila mtu akamwuliza mwenzake. Ndipo baba akatokea, mzigo wa majani kichwani, na watu wote wakamgeukia yeye. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, na vidole vyake begani mwangu vilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Nilijua kitakachofuata. Baba alikuwa mtu wa ukweli kupita kiasi, mtu aliyewahi kurudi dukani kwa sababu sukari ilizidi. Mwenyekiti akamwuliza, "Mzee mwenzangu, nani amekutuma upige pembe leo?"

Baba aliutua mzigo wake taratibu. Akatazama watu, akamtazama dada yake, akanitazama mimi. Akajifuta jasho. "Pembe imelia," akasema. "Mliwahi kuona pembe ikalia watu wakarudi nyumbani na majembe makavu?" Hapo wazee wakaanza kunong'ona, wakatikisa vichwa, wakakubaliana kwamba hapana, jambo hilo halijawahi kutokea tangu enzi za babu zao, na lingeleta mkosi. Na tena, akaongeza mmoja wao, pembe ya kuzoa tope hulia mara moja tu kwa msimu, haiwezi kurudiwa keshokutwa kwa kazi ile ile. Mwenyekiti akainama. Akavua viatu. Basi wakafungua mlango wa ndiva, maji yakaondoka, na sote tukaingia kwenye tope. Sijawahi kufanya kazi vile tena maishani mwangu. Shangazi alichota kama mtu aliyepagawa, akijaza karai na kuimba majina ya vifaa, panga, sululu, jembe, toroli, na waliokuwa mstarini wakaanza kuitika kwa sababu mdundo ule uliendana na karai zilivyopita mkono kwa mkono. Jua lilipoinama ndiva ilikuwa safi imekwanguliwa, na Saba Saba yetu ilikuwa huru.

Tukirudi nyumbani baba alitangulia mbele yetu. Tulipofika mlangoni akasema, "Nakunda, umepiga vibaya mno. Mwisho umeukata." Shangazi akainamisha kichwa. "Kaka, nyimbo zao zote huisha hivyo." Baba akaingia ndani haraka, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mpaka leo hataki kukiri kwamba alikuwa anacheka. Faini alimtoza, tena kubwa: kumpelekea kila mzee chungu cha dengelua, na shangazi aliponda miwa kwa ajili ya pombe ile mpaka viganja vikavimba, akisema ni halali yake.

Kilichotushangaza ni kwamba siku ya Saba Saba kijiji kizima kilitufuata Same. Watu walikuwa wamekwisha kuambiwa siku ile ni ya kazi, na sasa kazi hakuna, basi wakasema acha tukaone hilo bati. Tuliondoka kumepambazuka, msafara mrefu kwenye njia nyembamba, viatu mikononi tusivichakaze, makande yamefungwa kwenye majani ya mgomba. Mwenyekiti naye alikuja, akidai anakwenda kuangalia hotuba. Kila kona ya njia hewa iliongezeka joto, na sweta zikavuliwa moja moja zikafungwa kiunoni. Shangazi alitangulia, akiwafundisha watu viitikio, na wenye mzaha waliitika kwa kumdhihaki, lakini waliitika.

Uwanjani Same kulikuwa na vumbi na upepo. Tulivumilia hotuba, tukavumilia gwaride la wanafunzi, na hatimaye wakapanda jukwaani: watu wembamba, mashati yao yamefubaa, mwimbaji amefunga miwani yake kwa kamba ya katani. Bati lilipogongwa mara ya kwanza watoto wa mjini walilia na mama zao wakawaziba masikio. Wimbo wa kwanza ulipokatika hakuna aliyepiga makofi. Vijana wa mjini wakaanza kupiga mayowe, "Washusheni hao!" na mshereheshaji akapanda jukwaani na kipaza sauti chake, mkono tayari umeinuliwa kuwaondoa. Nilimwona yule mwimbaji akianza kulegeza nyuzi za gitaa kama anayefunga kazi. Kumbe na wao walikuwa wamezoea kufukuzwa.

Hapo nikasikia sauti ya mwanamke, kali, ikipasua uwanja: "Mbu wa kambini ana cheo!" Niligeuka nikijua ni shangazi, na haikuwa shangazi. Alikuwa mama. Mama yangu wa makande, aliyekuwa akisonya kila Jumamosi, amesimama na khanga imemdondoka begani, anaujua wimbo wote tangu mwanzo! Shangazi akaitika kwa nguvu zake zote, "Mpishe alale!" na kijiji chetu chote kikaitika nyuma yake. "Mbu wa kambini ana cheo!" "Mpishe alale!" Nyundo ikarudi kwenye bati. Mshereheshaji akashusha mkono. Walipiga wimbo huo, wakapiga wa foleni, wakapiga wa vifaa, na tulikanyaga ardhi ya Same mpaka vumbi likatufanya wote rangi moja, Mwenyekiti akiwa katikati, shati wazi. Mwimbaji akauliza kwa sauti iliyokauka, "Ndugu zangu, mmetoka wapi nyinyi?" Sote tukanyoosha mikono kwenye milima. "Juu!" Akacheka, akamgeukia wa bati, na papo hapo wakatunga wimbo wenye neno hilo moja, juu, juu, juu, mpaka watu wa mjini nao wakasimama na kunyoosha mikono kule kwetu. Nilipanda mabegani mwa baba nikaona uwanja mzima ukionyesha kijiji changu. Hakuna siku niliyojiona mkubwa kama ile.

Singa Bendi walikwenda Dar es Salaam, na huko sikuwasikia tena. Leo ndiva imesakafiwa kwa saruji, shangazi ni bibi mwenye wajukuu huko Mwanga, na mimi naishi mjini ambapo muziki wote wa dunia uko kwenye simu, unaufungua ukiwa jikoni na kuuzima ukichoka. Nimekaa kwenye kumbi zenye viti vya kukunja na taa za rangi, nikasikia watu wanaojua kupiga kuliko wale mara mia. Nilifurahi, sikatai. Ila hakuna ukumbi ambao nimeingia huku mikono yangu ikiniuma kwa kazi ya kupata kuwa pale, na nikageuka nikakuta waliokuwa nami kwenye tope ndio walionizunguka.

Wiki iliyopita binti yangu alikuja analalamika. Kuna bendi anayoipenda, ya vijana fulani wanaopiga makelele ambayo mimi siyaelewi hata chembe, wanapiga Arusha Jumamosi, na yeye ana kazi ya ofisi lazima iwe tayari Jumatatu. Akasema basi tena, atawaangalia kwenye simu. Nikamwuliza ni kazi gani. Akanieleza. Nikavuta kiti, nikakaa karibu yake, nikamwambia aifungue tuianze sasa hivi.