Nimekataa chai ya bibi wa watu

Leo nimekataa chai ugenini, mbele ya bosi wangu.

Tulikwenda Mungaa kikazi. Bibi mwenyeji wetu akatuletea chupa ya chai iliyokwishatiwa sukari, nyingi kweli. Na mimi wiki iliyopita nilipima, sukari yangu imeanza kupanda. Nina miaka ishirini na sita jamani!

Nikasema taratibu, "Samahani bibi, naomba maji tu."

Bosi akanikazia macho.

"Mjukuu wangu, chai yangu ina nini?"

"Haina kitu, bibi. Naogopa sukari."

Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. "Hata mimi siinywi hiyo! Nimeijaza sukari kwa ajili yenu, msije mkasema bibi mchoyo."

Hapo bosi akaweka kikombe chini polepole. "Mama, na mimi daktari alinikataza. Nilikuwa nakunywa nisikuudhi."

Bibi akachemsha nyingine, ya tangawizi tupu. Chupa nzima tuliimaliza!

Kwenye gari bosi akaniambia, "Kesho ukinunua vitu vya chai ya ofisi, sukari iache dukani."

Haya, semeni ukweli: nyie mnakunywa chai ya nani kwa kuogopa kumuudhi?