Kabla Hujaenda Kubandikwa Dredi

Nakumbuka Jumamosi moja nikiwa msichana, nilitoka saluni kule Kiganjo na dredi za kubandika zilizofika kiunoni, na uso umevutwa hata kucheka siwezi. Najua kesho unaenda kubandikwa zako pale Gatitu, mwanangu. Sikukatazi. Keti kwanza unisikilize.

Msusi aligawa nywele zangu vipande vidogo, akasuka kila kipande pamoja na nywele za bandia, na shinani akakaza kwa uzi mweusi. Niliumia tangu dredi za mwanzo.

"Vumilia tu," akaniambia. "Nikilegeza zitatoka, halafu uambie watu mimi sijui kazi."

Nami, mjinga wa kutupwa, nikanyamaza. Niliogopa kumuudhi. Zaidi nilimwogopa shosho, mama yake baba, aliyenilea. Siku hizo polisi walikuwa wakikamata vijana wenye dredi ovyo ovyo wakidhani ni wahalifu, na shosho alikuwa ameapa hataki kuziona nyumbani kwake. Basi nikafunga kitambaa kichwani, nikasema nasikia baridi. Huku kwetu mlimani, nani atakubishia?

Jumapili sikwenda kanisani. Kufika Jumatatu jicho moja halikufunguka, na usaha ulikuwa unatoka penye uzi. Nilijua nywele zangu zinakufa, na moyoni nikahofia kwamba nami nakufa. Bado sikufungua mdomo. Nilijifunika blanketi, nikiomba Mungu shosho asiingie.

Aliingia. Akavuta kitambaa.

"Hii kichwa imefura hivi na umenyamaza?" akauliza polepole. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Niliogopa utanifukuza, shosho."

Akanikalisha mlangoni penye mwanga, akachukua wembe, akaanza kukata uzi mmoja mmoja. Wembe ulimponyoka mara mbili, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa maana sikuwahi kumwona akiogopa kitu. Dredi ya juu ya sikio ilibaki mkononi mwake pamoja na nywele zangu zote za pale, na mizizi yake. Aliificha haraka kwenye aproni, lakini nilikuwa nimeiona.

"Mimi siogopi hizi manywele," akasema. "Naogopa mtoto anaumia na ananificha. Siku ingine itakuwa kitu kubwa kuliko hii, na utanyamaza tu hivi."

Weka kidole hapa, mwanangu, juu ya sikio. Hapajaota kitu mpaka leo, ndiyo sababu hunioni bila kilemba. Kesho msusi akikaza ukaumia, mwambie alegeze, hata kama saluni nzima itakugeukia. Akikataa, inuka uondoke na nusu kichwa. Na popote utakapoumizwa, iwe kazini, kwa mume au hapa kwangu, sema mapema, sema huku unaogopa.

Mungu akutangulie, akupe msusi wa mkono mwepesi, na akulindie hicho kichwa. Nenda urembeke. Ukirudi, uingie kwangu bila kitambaa.