Kichwa cha Mbingusi

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu niliamka nikijua kila kitu. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nami nilikuwa mpangaji katika mtaa wa Kambi Muru, nauza samaki wa ziwani, ngege na omena. Kwa kuwa nilizaliwa kando ya ziwa, ploti nzima ilinipa cheo cha mwalimu wa samaki. Nilikipokea bila aibu.

Jirani yangu Mwanasha, mtu wa pwani, aliletewa kifurushi kutoka kwao, akaanika ukutani kilichokuwamo. Kilikuwa kichwa kikavu kilichotanuka kama nyundo, tundu la jicho moja mwisho wa kulia, la pili mwisho wa kushoto. Wiki hiyo watoto watatu wa ploti walikuwa na homa. Wapangaji wakaniita niseme kama huyo ni samaki. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikasema samaki wa namna hiyo hayupo duniani, hicho ni kitu cha uchawi. Kabla ya adhuhuri vyombo vya Mwanasha vilikuwa nje, naye ameketi juu ya godoro lake akilia.

Mwenye ploti alikuwa bibi mzee wa Kinubi, aliyewahi kuishi Mombasa na marehemu mumewe. Alipofika akakitazama kile kichwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Alisema ni papa, pwani humwita mbingusi, na yeye amemla kwa nazi miaka mingi. Kwa kichwa hicho kipana papa huyo hugundua samaki taa aliyejifukia mchangani, na kwa macho hayo ya pembeni huona huku na huku. Kisha akanigeukia, na hakucheka tena.

"Lakini kitu iko mbele kabisa ya pua yake, hiyo haoni. Kama wewe. Si huyu Mwanasha ndiye alibeba mtoto yako hospitali wakati ya mvua?"

Ndiye. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikalibeba godoro mwenyewe kulirudisha ndani, nikaomba msamaha mbele ya wote. Mwanasha akajifuta machozi, akasema, "Lete sufuria yako kubwa."

Tulikipika kile kichwa kwa nazi, tukala pamoja. Watoto walipona kwa dawa za malaria, na moyo wangu ukawa mwepesi kama wa mtu aliyetua gunia la makaa.

Usilolijua ni usiku wa giza, mwanangu. Ukiulizwa kulihusu, sema hujui. Huenda neno hilo likamwachia mtu nyumba yake. Mungu akupe mdomo wa kuomba msamaha, na jirani atakayekuitisha sufuria.