Ukurasa wa Baba

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba macho ya baba yamechoka, na alijua kwa sababu ya mpira.

Nyumbani kwetu Maisaka, baba alisoma gazeti kwa sauti kila jioni. Yeye alikaa kwenye kiti chake ukutani, mama chini kwenye mkeka na ungo wa mbaazi mapajani, na mimi mlangoni nikijifanya nina kazi nyingine. Mama hakusoma sana shule, lakini habari akiisikia mara moja haimtoki kichwani. Jioni hiyo baba akasoma kwamba timu yake imeshinda mabao mawili kwa moja. Mama akaacha kuchagua.

"Mzee, hao si walishinda juzi?"

"Wameshinda tena."

"Mabao yale yale?"

"Ndiyo mpira ulivyo," baba akasema, akageuza ukurasa kwa kishindo.

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Baadaye nilipoliokota lile gazeti, sikuiona timu hiyo popote. Nikaitafuta na habari ya mbolea aliyotusomea, nayo haikuwemo. Baba alikuwa anachukua taarifa za redio za asubuhi, anazichanganya na za kichwani mwake, anatupa kwa sauti ile ile ya kusoma. Kicheko changu chote kikaniishia.

Hospitali walisema ni presha ya macho. Ugonjwa huo huanza kula pembeni, ukielekea katikati polepole, na mtu hagundui mpaka ameshapoteza mengi. Baba alikuwa amebaki na katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alisema dawa ya matone itachunga kilichobaki, ila kilichokwenda hakirudi. Baba alimuuliza swali moja tu.

"Na kusoma?"

"Soma wakati unaweza, mzee wangu."

Baba ni mtu wa hadithi. Alikuwa dereva wa lori la serikali. Mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha na ofisi zikaja Babati, yeye ni mmoja wa waliobeba meza, makabati na mafaili kwenye barabara ya vumbi, kabla ya lami. Hadithi zake zote za miaka ile zilikuwa na utingo ndani yake. Dereva, alituambia, haoni nyuma ya mzigo. Utingo aliyekaa juu ya mzigo ndiye macho yake. Akigonga bodi mara moja, simama. Akigonga mara mbili, twende.

"Lakini utingo hashiki usukani," alimalizia kila mara, akinitazama mimi. Tangu utotoni nilikuwa na tabia ya kudandia kila jambo kabla sijaitwa, kwa hiyo jina la Utingo likawa langu, na mpaka nakua hakuwahi kuniita vingine akiwa na furaha.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye steshenari karibu na stendi: kuchapa barua, kutoa fotokopi, kuwafungulia watu barua pepe. Mchana wateja wakipungua, nilijifundisha JavaScript, lugha ya kuuamrisha ukurasa wa intaneti ufanye mambo. Sikuwa na mwalimu. Ukurasa wowote unakuruhusu kuchungulia maandishi yaliyousuka, basi nilichungulia, nikakopi, nikaharibu, nikatengeneza tena. Siku niliyoandika window.open na dirisha jipya likaruka lenyewe juu ya kioo, nilijiona fundi wa mji mzima. Bosi wangu alipobadilisha mashine za dukani, alinipa moja ya zile kuukuu, nami nikaibeba kwa bajaji mpaka nyumbani nikiwa nimeipakata kama mtoto.

Nilikuwa nimeshaamua. Baba atasoma gazeti kwenye kompyuta. Habari ningezichukua dukani kwenye flashi, jioni ningezipanga katika ukurasa wake mwenyewe, na kila kitu kingekwenda bila yeye kuhangaika.

Hilo la kuhangaika ndilo lililoniponza. Sisi tumelelewa hivi: mzee akionekana na mfuko, unauwahi kabla hajafika. Akigeuza shingo kutafuta maji, umeshamletea. Mtoto anayesubiri kuambiwa ni mtoto asiye na adabu. Basi adabu yote hiyo nikaiandika ndani ya ukurasa. Mashine ikiwaka, ukurasa ulijifungua. Habari ya kwanza ilitokea katika dirisha lake, kwa herufi kubwa kama za bango. Kompyuta husikiliza dirisha moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo niliweka amri ya focus ili hilo la habari lije mbele na kusikilizwa lenyewe. Muda niliokadiria ukiisha, ilikuja habari ya pili, kisha ya tatu. Baba asingegusa hata kitufe.

Kivinjari, ile programu inayofungua kurasa, kilikataa. Kila nilipojaribu, juu ya kioo ulitokea mstari wa njano ukisema dirisha limezuiwa, kwa kuwa hakuna mtu aliyebonyeza chochote kuliomba. Nikakasirika. Mashine niliyoibeba mwenyewe inifundishe adabu? Nikaingia kwenye mipangilio, nikakizima kizuizi.

Jioni ya kujaribu, baba alivaa shati safi. Mama aliusogeza mkeka. Niliwasha, habari ikatokea, na baba akainua kidevu akaanza kwa sauti yake ya zamani:

"Wakulima wa mbaazi mkoani Manyara wame..."

Dirisha likahama.

"Wame nini?" mama akauliza.

Baba hakujua limehama. Lile jipya lilitokea pembeni, mahali ambapo yeye hana macho, na alipolipata lilikuwa linazungumzia shule. Akageuza kichwa huku na huku akitafuta mwanzo wa mstari. Zile herufi zangu za bango zilikuwa zinamzidi. Kwenye tundu lake ziliingia mbili, labda tatu, na neno zima hakuliona. Kabla hajalimaliza hilo la shule, likaja la hali ya hewa.

"Rudisha," akasema. "Nirudishe kwa wakulima."

Nikabonyeza kurudi nyuma. Ukurasa haukurudi. Nilikuwa nimetumia location.replace, amri inayoweka ukurasa mpya badala ya ule wa zamani bila kuacha alama ya kurudia. Niliichagua kwa sababu niliiona ni safi, haiachi takataka.

"Haurudi, baba."

"Gari gani hili halina rivasi?"

"Baba, mimi nakusaidia."

"Kufanya nini?"

"Kusoma."

"Mimi sijasoma kitu. Umenipakia nyuma, umenifunika turubai, unaendesha." Akasimama, paja likagonga kona ya meza, nami nikaruka kumshika kiwiko. Akauvuta mkono wake kwa nguvu. Nilibaki nimeshika hewa.

"Mwache atembee," mama akasema pale pale chini, bila kuinua uso.

Niliumia. Siku kadhaa nilimwamkia shikamoo nikipita, marahaba yake nikaisikia nikiwa uani. Nilimwona hana shukrani, na nilimweleza mama hivyo, naye akanijibu kwamba shukrani ya punda ni mateke na nimwite baba yangu punda kama nathubutu. Sikuthubutu. Lakini kila nilipokaa dukani, ule mstari wa njano ulikuwa unanirudia. Kivinjari hakizuii madirisha yote. Kinazuia yale yaliyokuja bila kuitwa. Mtu akibonyeza mwenyewe, dirisha linafunguka bila maneno. Na amri ya kufunga dirisha, window.close, nayo haina ruhusa ya kufunga dirisha ambalo mtu alilifungua kwa mkono wake. Watu waliotunga sheria hizo hawajawahi kufika Babati, ila nadhani walikuwa wanawafahamu watu wa aina yangu.

Nilimfuata baba kibarazani. "Baba, naomba uje unionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, mimi nisiyeona?"

"Unavyoona."

Aliinuka mwenyewe. Nilikaa pembeni yake, nikawa naongeza herufi kidogo kidogo mpaka aliposema, "Hapo." Zilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Nikaweka mistari mitatu tu, katikati ya kioo, maandishi meupe juu ya weusi, na kila habari ikitokea mahali pale pale. Madirisha yote niliyafuta, na saa zangu za kuhesabia. Kwenye kibodi, kitufe kirefu cha chini kilikuwa cha kwenda mbele. Cha kona ya juu kushoto kilikuwa cha kurudi. Vyote viwili vidole vinavipata bila macho. Ile focus niliiacha kwa kazi moja, kwamba ukurasa ukifunguka uwe tayari kuvisikia vitufe hivyo, asihitaji kipanya. Kipanya chenyewe nilikitia kabatini.

"Breki iko wapi?" akauliza.

"Usipobonyeza, umesimama."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali, na mimi nilijifanya natafuta waya chini ya meza ili asisikie ninavyovuta makamasi.

Zikaja jioni nzuri, nyingi. Ukurasa ulikaa. Baba akitaka kubaki kwenye mstari mmoja mpaka chai ipoe, ulibaki naye. Mama akidai hajasikia vizuri, baba alipeleka kidole kwenye kona, akarudi nyuma kwa madaha, kama anaegesha lori mbele ya ofisi ya mkuu wa mkoa. Na utani ukarudi. Timu yake ilipofungwa aliisoma habari hiyo kwa sauti ndogo, mama akasema hajasikia, rudisha, na tena rudisha, mpaka baba akatishia kumshusha njiani.

Kazi ngumu ilikuwa yangu. Nilikaa mlangoni nikiwa nazijua habari zote, kwa kuwa ni mimi niliyezipanga, na baba akikwama kwenye neno ulimi wangu ulikuwa unawasha. Alikuwa analizunguka, analishika mwanzo, analipoteza mwisho, anarudi. Niliuma mdomo. Akilipata, alilitamka kwa nguvu zaidi ya yale mengine, na mimi nikapumua.

Matone yalichunga kama daktari alivyosema, lakini mchungaji naye husinzia. Baba aliomba herufi zipunguzwe kidogo, kisha zikuzwe, kisha weupe uongezwe. Nikawa nafanya anavyosema. Kila jioni alichukua muda mrefu zaidi kabla ya kidole kushuka kwenye kitufe kirefu.

Ndipo ikaja jioni aliyosoma haraka. Kioo kilikuwa na habari ya bei ya mbaazi. Niliiona vizuri kutoka mlangoni. Baba akasoma kwamba lami itafika mpaka vijiji vyote. Akabonyeza. Akasoma kwamba mvua zitakuwa za kutosha. Akabonyeza. Akasoma kwamba timu yake imeshinda mabao mawili kwa moja.

Nikamtazama mama, nikisubiri. Aliinamisha uso kwenye ungo na vidole vyake vikaendelea kuchagua, polepole, vikitoa hata mbaazi nzima. Kutotaniwa kwa baba ndiko kulikonithibitishia kwamba haoni tena.

Miguu yangu ilitaka kuinuka. Nilijua la kufanya, ningemsomea vizuri, bila kukosea hata nukta. Nilishika fremu ya mlango kwa mkono, nikakaa. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko kule kukaa. Ikawa hivyo jioni hiyo na nyingine zilizofuata: baba akitusomea lami na mvua, vitufe vikilia, na sisi wawili tukisikiliza habari njema zisizokuwepo.

Kisha jioni moja alibonyeza, akafungua mdomo, akaufunga. Kidole kikaondoka kwenye kitufe.

"Utingo."

"Abee, baba."

"Lete kiti chako."

Nilikileta. Yeye alikisogeza cha kwake pembeni, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, mpaka kioo kikawa mbele yangu mimi.

"Leo shika usukani," akasema. "Mimi napanda juu ya mzigo."

Nilisoma ile mistari mitatu ya mwanzo, polepole, kama alivyokuwa anasoma yeye. Nikafika mwisho. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe kirefu, na habari iliyofuata nilikuwa naijua. Sikubonyeza. Ungo wa mama ulikuwa umenyamaza.

Mkono wa baba ulipapasa hewani, ukaupata ukingo wa meza. Akagonga mara mbili.