Barua ya Bibi Debora

Usiniamini kwa sababu nimesoma. Wasomi nao huota, tena mimi hulala vibaya. Niamini kwa sababu moja tu: katika kisa hiki hakuna mahali ninapoonekana vizuri, na mtu anayetunga uongo hujiachia angalau pembe moja ya kujisifia.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, nikapangiwa kazi karibu na Goweko, kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Siku zile kila mtu alikuwa na haraka. Kijiji kimoja, kando ya ile njia ya zamani ya misafara, tulikuwa tumekaribia kukimaliza. Nyumba za tembe zilikwisha kubomolewa, mizigo ilikwisha kupakiwa. Akabaki bibi mmoja, Bibi Debora, amekalia kinu chake alichokipindua, hataki kupanda lori.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Lakini shikamoo yako ina haraka."

Nikamweleza habari za shule, zahanati na maji ya bomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono kuelekea makaburini. Mumewe, mzee Zakaria, mpiga tarumbeta wa kanisa, alizikwa pale.

Hapa lazima nieleze desturi ya dhehebu letu, maana hata mimi nimezaliwa humo. Siku chache kabla ya Pasaka tunapalilia makaburi. Jumapili yenyewe, kabla ya jua kuchomoza, tunakwenda makaburini na matarumbeta, tunasimama katikati ya wafu wetu na kuimba mpaka jua litoke. Kwa wazee huo si mfano wa ufufuo. Ni mazoezi. Parapanda ya mwisho itakapolia, watu watainuka pale pale walipolazwa, na Bibi Debora alitaka akifumbua macho siku hiyo, wa kwanza kumwona awe Zakaria.

"Yule bila mimi hata vifungo vya koti hafungi sawasawa," alisema. "Sasa aende mbele za Bwana vile vile?"

Watu waliokuwa juu ya lori walicheka. Mimi nilitazama saa. Nikachana karatasi daftarini, nikaandika kwamba mwenye karatasi hii akifariki, ofisi itatoa lori arudishwe azikwe kando ya mumewe. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Nilijua sina mamlaka hayo. Nilijua pia kwamba hajui kusoma, na kwamba muhuri ungemtosha. Akaikunja karatasi ndani ya kitabu chake cha nyimbo, akanibariki, akapanda lori bila kusaidiwa.

Alifariki masika yaliyofuata, majuma matatu kabla ya Pasaka. Mwinjilisti wa kijiji kipya alikuja kwangu kwa miguu na wanaume wanne, nikawaona dirishani wameshika ile karatasi. Lori lilikuwepo. Mafuta yalikuwepo. Lakini nikaanza kufikiri. Wakubwa wakiona maiti inarudishwa kwenye mahame, kijiji tulichokihamisha wenyewe kwa amri, si watasema ninawafundisha watu kurudi? Na huyu akirudishwa, je, wengine? Nilifikiri mpaka hodi ya tatu. Kisha nikaingia chumba cha ndani, nikamnong'oneza mama mwenye nyumba, Mama Hadija, aseme nimesafiri.

"Amesafiri," nilimsikia akiwaambia.

"Tangu lini, mama?"

"Ala! Kwani mimi ni mkewe?"

Walikaa barazani mpaka adhuhuri. Muda wote huo nilisimama nyuma ya pazia, nimebana kikohozi. Walipoondoka, Mama Hadija akaja kusimama mlangoni.

"Umenitia uongo mdomoni, mwanangu, na huko kuna maiti inangoja. Kwenu kanisani jambo hili mnaliitaje?"

Nikatoka kwa mlango wa uani.

Wakamzika kijiji kipya. Likawa kaburi la kwanza la pale. Karatasi waliirudisha ndani ya kitabu cha nyimbo, na kitabu wakakiweka kifuani pake, wakamzika nacho. Mwinjilisti mwenyewe ndiye aliyenisimulia, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Basi ikaja Pasaka. Kijiji kizima kingekusanyika kwenye kaburi moja tu, maana hakukuwa na jingine. Ningesimama wapi mimi? Nikasingizia kwamba nina kazi Tabora mjini, nikaondoka kwa baiskeli kungali giza, nikashika ile njia ya misafara. Kulikuwa kunapambazuka nilipofika mahame.

Nyasi zilifika kiunoni kila mahali, isipokuwa makaburini. Makaburi yalikuwa yamepaliliwa, udongo bado mbichi. Na mtu alikuwa amesimama pale, amevaa koti la kaki, tarumbeta kwapani. Umande ulikuwa umenilowesha mpaka magotini. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Tena vifungo vya koti vilikuwa vimekosea njia, kila kimoja kimeingia tundu la mwenzake.

Unaniuliza kwa nini sikukimbia? Nilikuwa najishauri. Ndivyo nilivyo.

"Bwana amefufuka," alisema.

"Amefufuka kweli kweli," nikajibu, kwa mazoea ya utotoni.

"Wenzetu mwaka huu wamechelewa."

"Walihamishwa, mzee."

"Najua. Mke wangu naye amekwisha kulala, lakini hapa hajafika." Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Ila nina barua. Mimi sikwenda shule, mwanangu. Hebu nisomee."

Niliutambua mwandiko kabla sijaishika. Nikasoma kwa sauti, neno kwa neno. Tangu nizaliwe sijasoma kitu kirefu kama mistari ile michache.

"Kumbe kweli ataletwa!" alisema, na uso wake ukafurahi hata nikashindwa kuutazama. "Na huyu aliyeandika, unamfahamu?"

Wewe ungejibu nini? Maneno mawili tu yalitakiwa.

"Simfahamu, mzee," nikasema.

Hakuna jogoo aliyewika. Mahame hayana jogoo.

"Haidhuru," alisema taratibu. "Nitamngoja mke wangu. Na huyo mwandishi tutaonana naye siku ile. Siku ile hakuna atakayekuwa amesafiri."

Akapeleka tarumbeta mdomoni. Nilifumba macho kwa sauti ile, na nilipofumbua jua lilikuwa limetoka na mbele yangu hapakuwa na mtu. Lakini mkononi nilikuwa nimeshika karatasi, ile ile waliyomzika nayo Bibi Debora.

Huu ni mwaka wa nne naliwaza jambo hili. Kama ufufuo ni mfano tu, kama nilivyokuwa nikibishana chuoni, basi mifupa ilale popote. Kama ni kweli, Mungu hatashindwa kuwakutanisha watu wawili waliotenganishwa na mwendo wa nusu siku. Hoja zote mbili ni nzuri na zote mbili hazinisaidii, kwa sababu mzee Zakaria hakuniuliza habari za ufufuo. Aliniuliza kama namfahamu mwandishi.

Ningeweza kumwendea mwinjilisti, nikamweleza, tukamhamisha marehemu. Kila mwaka nilipanga hivyo. Sasa makaburi yameongezeka pale kijijini, mchwa wameula msalaba wake, na juzi nilipomuuliza mwinjilisti ni lipi la Bibi Debora, alinyoosha kidole, akasita, akakielekeza kwenye kaburi la pili, halafu akakishusha.

Alfajiri ya Pasaka, upepo ukitoka upande ule, nasikia matarumbeta mawili. La kijijini hutangulia. La mahame hufuata, limechelewa kidogo, kama mtu anayesita kuanza wimbo kwa kuwa mwenzake hajaingia.

Wewe unayesoma, ikiwa kuna mtu amelikunja neno lako akaliweka mahali salama, nenda kwake leo, ukiwa na aibu hivyo hivyo. Na siku ukiulizwa kama unamfahamu aliyeandika, jibu upesi, kabla hujaanza kufikiri.

Karatasi ninayo hapa mezani. Muhuri bado unasomeka. Ni mimi, mzee Zakaria. Aliyeandika ni mimi.