Spika za Kubebwa kwa Mkono Mmoja

Nashoni alivunjika mfupa wa bega siku bendi ilipokuwa inapandisha vyombo kwenye kilima kimoja nyuma ya Uyole, kwenda msibani kwa mwalimu mstaafu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na njia ilikuwa udongo mtupu. Watu wanne walikuwa wameshika spika moja, wawili mbele, wawili nyuma. Mguu wa Nashoni ukateleza, akaenda chini, na lile boksi la mbao likamlalia begani.

Tumpe, mwimbaji na kiongozi wa bendi, alikuwa nyuma yao amebeba stendi za maiki. Aliusikia mfupa. Baadaye watu walipomwuliza, alisema hakumbuki kama Nashoni alipiga kelele. Anachokumbuka ni ule mlio.

Waliimba hivyo hivyo, bila spika wala gitaa la Nashoni. Waombolezaji walijaa mpaka kwenye migomba, na waliokaa mbali waliona midomo ya Tumpe ikichezacheza tu.

Spika ile, pamoja na pacha wake, ilitengenezwa na Lutengano, mume wa Tumpe, miaka kumi na tisa iliyopita. Alizipima na kuzikata mwenyewe kwa mbao za mninga, akazipiga vanishi, akaweka pembe za chuma ili zisipasuke garini. Kila moja ilikuwa na kilo sitini na mbili. Enzi zile bendi ilikuwa na watu kumi na mmoja, na Lutengano akiinua upande wake peke yake huku anacheka. Sasa walibaki watano. Na miaka miwili nyuma, kiharusi kilikuwa kimemchukua Lutengano mkono wa kulia, nusu ya mguu na sauti. Alikuwa anaongea, lakini sauti ilitoka chini kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Ili umsikie ilibidi uinamishe sikio karibu na mdomo wake. Wageni walikuwa wanaitikia tu kwa kichwa, na yeye aliwajua waliokuwa hawajamsikia.

Nashoni alifika nyumbani kwao mkono ukiwa umefungwa shingoni. Alikaa na Tumpe barazani, akaongea kwa sauti ya chini ili mzee asisikie ndani.

"Mama Violet, mimi nimepiga gitaa na mzee tangu sijaoa. Unajua ninavyomheshimu. Ila lile boksi silibebi tena, hata bega likipona. Na wenzangu wamesema hivyo hivyo, wanaogopa tu kukwambia."

"Nimekusikia, Nashoni."

"Utamwambia mzee?"

Ilimchukua Tumpe wiki tatu kumwambia. Kila alipotaka kuanza alimwona mumewe amekaa kwenye kiti chake, spika mbili zikiwa ukutani nyuma yake zimefunikwa kitambaa, na maneno yakamwishia. Mwishowe alimwambia wakati anamnawisha mikono, kwa sababu hapo hakulazimika kumtazama usoni.

"Baba Violet, bendi inahitaji spika nyepesi. Zile hatuziwezi tena."

Lutengano aliyatazama maji yakimdondoka vidoleni. Kisha akasema kitu. Tumpe akainama.

"Koti," alisema. "Nipe koti. Twende wote."

Duka lilikuwa Mwanjelwa, Mbeya mjini, kwenye mstari wa maduka yanayotazama barabara. Mwenye duka, dada mmoja aitwaye Eveline, alimpa Lutengano kiti mlangoni, halafu akamgeukia Tumpe. Alianza na spika moja ndefu inayofika kiunoni, yenye taa zinazobadilika rangi.

"Hii ndiyo inatoka sana, mama. Ina magurudumu, hubebi, unaburuta tu."

Akaiwasha. Sakafu ikatetemeka na bati za juu zikajibu. Tumpe akaomba maiki, akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa maombolezo. Sauti ilikuwa kubwa mno, ila maneno yalizama yote kwenye bezi, hata yeye mwenyewe hakuyapata.

"Dada, huko tunakokwenda magurudumu hayapiti," alisema. "Na kwenye msiba watu wanataka maneno."

Eveline akamletea nyingine, nyembamba kama nguzo, ya kuunganisha vipande vitatu. Hiyo ilimpendeza. Sauti ilitoka safi, laini. Lakini ilikula umeme wa ukutani tu, na nusu ya misiba yao ilikuwa vijijini, ambako umeme ukikatika unarudi kesho, au haujafika kabisa. Kuongeza jenereta ilikuwa kurudi kulekule kwenye mizigo.

Tumpe alimtazama mumewe. Lutengano alikuwa anaangalia rafu ya chini, kwenye jozi ya spika nyeusi za plastiki zenye mpini juu, ambazo hakuna aliyezigusa.

"Hizo ndogo?" Eveline alisita. "Hizo zina betri ndani, zinakaa na chaji masaa sita. Ila mama, watu wengi wanaziona kama za kufundishia darasani. Kila moja ni kilo kumi na mbili tu."

"Ziwashe," alisema Tumpe. "Mimi navuka barabara. Nataka kusikia kwa mbali."

Akavuka, akasimama pembeni ya meza ya muuza vitunguu. Magari yalikuwa yanapiga honi, makondakta wanaita abiria, mtu ananadi mitumba juu ya kiti. Alidhani Eveline ndiye atakayeshika maiki.

"Moja," ilisema sauti. "Mbili. Moja. Mbili."

Tumpe hakusogea. Kwa miaka miwili hakuwa ameisikia sauti hiyo kwa umbali unaozidi shubiri moja. Ilikuwa imechoka, inaburuta maneno, lakini kila neno lilikuwa limekamilika, na lilivuka barabara nzima likamkuta aliposimama.

"Punguza bezi, dada," sauti ikaendelea. "Kidogo tena. Hapo. Acha hapo." Kisha: "Mama Violet, rudi. Ni hizi."

Muuza vitunguu alimtazama Tumpe usoni. "Mama, unaumwa?"

"Hapana," alisema Tumpe. "Ni mume wangu anaongea."

Aliporudi dukani alimkuta Lutengano amesimama. Alikuwa ameinua spika moja kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, na Eveline yuko nyuma yake amenyoosha mikono kwa hofu asije akaanguka. Hakuanguka. Aliishusha taratibu, akakaa, jasho likimtoka.

Zile za mbao Lutengano aliamua mwenyewe ziende kanisani Uyole, mahali ambapo hazitahamishwa. Siku zilipochukuliwa aliomba apelekwe chumbani, na hakula mchana ule.

Mwezi wa nane waliitwa Iringa, kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo cha baba wa dada mmoja aitwaye Kalista. Nyumba ilikuwa juu, mtaa wa mawe makubwa, gari likaishia chini. Walipanda na kila kitu kwa safari moja. Lutengano aliwekewa meza na mixa ndogo ya kurekebishia sauti, akaiendesha kwa mkono wa kushoto.

Kalista alipopewa maiki amzungumzie baba yake, sauti ilimkauka. Alinong'ona tu. Watu walianza kugeukiana. Tumpe alimwona mumewe akishusha sauti ya kinanda mpaka ikapotea, kisha akiipandisha ya Kalista kwa kidole kimoja, taratibu, akisimama kila maiki ilipotaka kupiga mluzi. Yule binti alikuwa anaeleza jinsi baba yake alivyomsuka nywele baada ya mama kufariki, vibaya sana, na jinsi alivyokwenda shule hivyo hivyo. Waliokaa nyuma kabisa kwenye mawe wakanyamaza.

Baadaye Kalista alikuja mezani, akapiga goti kidogo. "Baba, nilijua sitasikika."

Lutengano alisema kitu. Binti akainama, akasikiliza, akaitikia, na machozi yakamtoka. Tumpe hakuwauliza wamesemezana nini.

Kesho yake, wakirudi Mbeya, walisimama Makambako kunywa chai. Baridi ilikuwa kali. Nashoni, bega lake bado halinyooki vizuri, alisogeza kiti mpaka kwa mzee.

"Mzee, Njombe wanatutaka kwenye harusi. Uwanja mkubwa. Hizi zitatosha, au tuongeze jozi?"

Lutengano aliweka kikombe chini. Alianza kueleza. Ilikuwa habari ndefu, ya upepo, ya mahali pa kuweka stendi, na neno moja lilimchukua muda kama maneno matano ya mtu mwingine. Chai ilipoa. Wote watano waliinama mezani, wakamsubiri amalize.