Sahani ya Mgeni

Harufu ya mawese yanapoanza kuchemka hunirudisha Stechford, hapa hapa Birmingham, kwenye jiko letu la zamani lenye dirisha lililojaa mvuke. Nilikuwa na miaka tisa, na tulikuwa bado wageni kabisa, tumetoka Bukavu juzijuzi tu.

Kila Jumapili tukirudi kutoka kanisani, Mama alitwanga upya sombe za dukani. Majani ya muhogo yaliyosagwa na mashine aliyaona kama chakula cha mbuzi. Aliyatia kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu na pilipili hoho, akatwanga mpaka vikombe vikacheza kabatini. Kisha alipakua sahani zetu, na moja zaidi. Hiyo ilikuwa ya mgeni. Kwetu Bukavu Jumapili haikupita bila mtu kutokea saa ya chakula, wala hakuna aliyemuuliza kilichomleta kabla hajala. Hapa sahani ilipoa mezani, Mama akiutupia mlango jicho, na Jumatatu mimi ndiye niliyekula kiporo. Nilikichukia kiporo kile, lakini kumwona Mama akikifunika kuliniuma zaidi.

Jumapili moja mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa Kiingereza wa nyumba ya pili, tuliyechangia naye ukuta. Uso ulikuwa umemwiva. Akaniambia kwamba kichwa kinampasuka kwa makelele yetu, huku akiuonyesha ukuta kwa kidole. Kabla sijatafsiri, Mama alikuwa ameshamshika mkono.

"Karibu, mama, karibu! Weye, leta kiti."

"Mama, amesema..."

"Utanielezea nyuma. Acha akule kwanza."

Bibi akakalishwa, akawekewa bugali na sombe, nami nikamtafutia uma. Nadhani alikosa tu namna ya kukataa. Akaonja kidogo. Akaonja tena. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, lakini walikaa wakitazamana na kuchekacheka mpaka sahani ikaisha.

Baadaye Mama aliosha vyombo huku akiimba. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mgeni wake alikuja kutugombeza. Jumapili iliyofuata nilimwona akikiburuta kinu hadi uani, akatwanga huko kwenye baridi. Sikuuliza kwa nini. Bibi naye akaja tena, safari hii na keki.

Siku hizi naishi Acocks Green, kwenye nyumba ambayo kengele yake hulia tu mtu akileta kifurushi. Mwaka jana Mama alipokuja kunitembelea nilimsimulia yote, nikidhani namfichulia siri. Akacheka sana.

"Nilijua! Si alikuwa anaonyesha ukuta na kidole? Lakini mutoto yangu, tangu tufike huku, nani mwengine alikuwa amegonga ku mulango yetu?"

Miaka yote ile nilidhani namkinga Mama asiumie. Kumbe alikuwa mpweke kiasi kwamba hata aliyekuja kumgombeza alimpokea kama mgeni, akamshukuru Mungu kwa kumleta.